Kutalii na Kupiga Picha: Mji Mkongwe wa Unguja Machoni pa Wageni

Neno mtalii limezoeleka mno hata asili yake imesahauliwa. Limetokana na Kiarabu, na huko kwao maana yake ni kusoma, kupitia kitabu kwa makini, kudurusu. Ndugu yake wa tumbo moja katika Kiswahili ni mtalaa, neno la masomo. Kwa hiyo mtalii, kwa haki ya jina lake, ni msomaji: ni mtu apitaye katika mji kama mwanafunzi apitavyo katika kurasa, akirudia mahali asipopaelewa na kuuliza neno asilolijua. Siku hizi neno hili limeegemea upande wa matembezi na starehe, na mtalii hutambulikana kwa alama moja kuliko zote, nayo ni kamera, au simu iliyo na kamera ndani yake. Yafaa basi kuuliza: katika mji uliokwisha kupigwa picha mara nyingi kupita kiasi, je, picha moja zaidi humsaidia mgeni kuusoma mji huo, au hukalia kiti cha kusoma?

Mfano wa kupimia jambo hili hauko mbali. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni mahali padogo: mtu mwenye miguu mizima huweza kuuvuka kutoka Forodhani hadi Darajani kwa muda mfupi, asipopotea. Walakini katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki ni shida kupata mji ambao milango yake, vichochoro vyake na machweo yake yamerudiwa katika picha kama hapa.

Historia ya picha hizo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ufundi wa picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haikupita hata miaka kumi kabla haujafika pwani ya Waswahili. Kapteni Charles Guillain, Mfaransa, alipofanya safari yake ya baharini katika sehemu hizi kati ya miaka 1846 na 1848, alileta chombo cha kupigia picha, na michoro iliyotolewa katika picha hizo ilichapwa baadaye pamoja na kitabu chake. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akijitayarisha kwenda bara pamoja na Speke, alipiga picha Unguja. Kisha wakaja wenye vyumba vya picha, wengi wao watu wa asili ya Goa, kama A. C. Gomes na akina Coutinho, wakauza picha na kadi za posta kwa mabaharia, maofisa na wageni wa meli. Ramani ya macho ya wageni wa leo ilichorwa kwa sehemu kubwa katika zama zile. Mahali pa kusimama palichaguliwa wakati ule, na mguu wa mgeni huangukia papo hapo hadi sasa.

Mwenye kuzitazama kadi zile za zamani kwa jicho la uhakiki hutambua upungufu mmoja unaorudi tena na tena. Nyumba ya mfalme hutajwa kwa jina, na pengine meli ya vita nayo hutajwa kwa jina. Lakini mtu aliyesimama mlangoni huitwa mwenyeji tu, au mwanamke wa Unguja, au mchukuzi. Njia huitwa njia ya wenyeji, kana kwamba haikuwa na mtaa wala mtaa haukuwa na jina. Maandishi hayo yalikuwa katika lugha za wanunuzi. Mwenye sura hakuulizwa neno, na kwa sababu hakuulizwa, jina lake limepotea pamoja na kabila la ufundi wake, mtaa wake na jamaa zake. Picha ilihifadhi uso, ikatupa habari.

Tabia hii haikuanza na kamera, wala si ya Unguja peke yake. Huko Venice, katika karne ya 18, mchoraji Canaletto aliwachorea mabwana wa Kiingereza sura za mji wao wa matembezi, wazichukue nyumbani na kuzitundika ukutani. Na wageni waliowafuata walikwenda Venice wakiwa wamekwisha kuiona. Hapo ndipo shida ilipo. Katika mji wa namna hii picha hutangulia safari. Mgeni hufika na mji kichwani mwake: mlango wenye misumari ya shaba, kichochoro chenye mwanga mwembamba, jahazi mbele ya jua linalozama, vijana warukao baharini kutoka ukingo wa Forodhani. Kazi inayombakia si kuona bali kuhakikisha. Naye akishapata kila kimoja na kukitia katika kamera yake, mizani imekamilika na safari imekwisha. Picha ya namna hiyo ni dondoo la dondoo, maana mpigaji ananukuu picha nyingine iliyonukuu nyingine. Mwanachuoni anayenukuu sharti aonyeshe kwamba amekisoma kitabu. Mpigaji picha hadaiwi sharti hilo.

Susan Sontag, Mmarekani, katika kitabu chake juu ya upigaji picha kilichotoka mwaka 1977, alieleza sababu nyingine ya tabia hii. Kwa rai yake, watu waliolelewa katika sheria kali ya kazi huona haya kukaa bure, na kamera huwapa kazi ya kufanya wakati wa mapumziko yao: husimama, hupiga, huendelea mbele. Rai hii yastahili kufikiriwa na wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa katika mji wa Waswahili kukaa si uvivu. Kukaa ni mlango wa kujua.

Chukua mfano wa mlango, kitu kilichopigwa picha kuliko vyote. Mlango wa Unguja ni maandishi kabla ya kuwa pambo. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka hufuata mtindo wa zamani zaidi. Ile yenye upinde juu yake ilikuja baadaye pamoja na ladha ya Bara Hindi. Katika miimo yake huchongwa samaki, minyororo, mitende na maua ya yungiyungi. Katikati, mahali mabawa mawili yakutanapo, husimama mfaa, uliochongwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine. Juu ya baadhi ya milango kuna aya ya Kurani, na pengine mwaka wa Hijra. Mlango wa namna hiyo humwambia mpita njia dini ya mwenye nyumba, uwezo wake, na zama alizojenga, humtaka asome. Mgeni hupiga picha maandishi ambayo hakuyasoma wala hakutafuta wa kumsomea. Amekibeba kitabu kwa sababu jalada lake ni zuri.

Tena mlango ule ulikuwa na kazi ya pili, nayo ni kuzuia macho. Nyumba ya mji wa Waswahili huipa njia mgongo. Ndani ya mlango kuna daka, na daka huupinda mwendo wa mtu ili aliye nje asione ua wala watu wa ndani. Methali yasema macho hayana pazia. Waashi wa pwani waliijua kweli hiyo, wakajenga pazia la mawe. Heshima ya mlango basi imo katika kufunga na kufungua, na chombo cha kufungulia si ufunguo peke yake bali ni neno: hodi. Lugha yenyewe imeliweka jambo hili wazi kwa njia ya ajabu. Kiswahili hupiga hodi, hupiga soga, na hupiga picha, kwa kitenzi kile kile kimoja. Lakini mpigo wa hodi hungoja jibu. Mpiga hodi mara tatu asipojibiwa hurudi zake. Mpigo wa soga huhitaji watu wawili. Mpigo wa picha, katika njia nyembamba, dhidi ya mwanamke aliyejifunika buibui na kuharakisha hatua zake, haungoji jibu la mtu yeyote. Kwa hiyo si ajabu ikiwa wenyeji huchukizwa nao. Wamezoea kwamba atakaye kuona hubisha kwanza.

Mkabala wa mlango yupo mwenzake asiyetazamwa, baraza. Kwa kamera, baraza ni benchi ya saruji tu, na likiwa tupu halina sura ya kuuzwa. Walakini kila kitu ambacho mgeni angetaka kujua juu ya mlango kinajulikana barazani: nani aliujenga, nani aliurithi, nani aliuuza. Mgeni atakayeketi pale nusu saa, akajibu maswali kabla ya kuuliza yake, akanywa kahawa chungu katika kikombe kidogo, huondoka na mji ambao hauwezi kuingia katika kamera. Kadhalika, mgeni atakayekubali kupotea katika vichochoro hufaidiwa na methali nyingine isemayo kupotea njia ndiko kujua njia. Mwenye kufuata orodha ya mahali pa picha hapotei, na asiyepotea hapati sababu ya kuuliza.

Hoja hii yaweza kupimwa kwa vitabu vya Kiswahili vyenyewe. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa huko Ujerumani mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, ulioandikwa na Waswahili waliosafiri wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande alieleza safari ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza Udoe na Uzigua. Selim bin Abakari alieleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Hakuna aliyekuwa na picha ya kumtangulia wala ya kumsaidia. Kwa sababu hiyo walilazimika kufanya kazi yote ya macho kwa maneno, na maneno hayakubali kitu kisichoulizwa. Waandishi hawa huandika habari za hongo na biashara, vyakula na desturi, njaa na hofu. Hawana mandhari nyingi. Msomaji anayetafuta kwao machweo ya jua atasikitika. Anayetafuta watu atawapata wakisema, wakidai na wakikubaliana. Wana makosa yao, na mara kwa mara huwadharau wengine kwa kiburi cha mtu wa pwani. Lakini hata dharau ile hutokana na kukutana. Aliyemdharau mwenziwe katika kitabu kile alikuwa amekwisha kujadiliana naye bei.

Mfano mwingine umo katika Mji Mkongwe wenyewe, nao umesimama mbele ya macho ya kila mwenye kamera. Seyyid Barghash bin Said alipelekwa uhamishoni Bombay mwaka 1859 na kurudi mwaka 1861. Alipokwisha kutawala alizuru Uingereza mwaka 1875, na karani wake Zahir bin Said akaandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu. Mwaka 1883 Beit el Ajaib likajengwa pwani ya Unguja, jumba la nguzo za chuma na baraza pana kila upande, lisilo na mfano katika mji. Kwa haki jumba hilo lastahili kuhesabiwa kuwa ni habari za safari zilizoandikwa kwa chuma na mawe: mtu alikwenda ng'ambo, akatazama, akachagua, akarudi na kugeuza alichokiona kuwa chake. Hiyo ndiyo talii kwa maana yake kamili. Na ni kinyume cha bahati kwamba jumba lililozaliwa na macho yenye kusoma limekuwa shabaha ya macho yasiyosoma.

Uhakiki wa haki sharti usikilize upande wa pili, na upande wa pili una hoja zenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba kamera hainyimi raha. Mwaka 2016 wataalamu watatu wa Marekani, Kristin Diehl, Gal Zauberman na Alixandra Barasch, walitoa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kuwa katika mambo mengi wapigao picha hufurahia zaidi kuliko wasiopiga, kwa kuwa kupiga picha huwafanya wazame katika lile walitazamalo. Hoja hii haikataliki kwa methali. Walakini majaribio mengine huikamilisha. Linda Henkel alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu; lakini waliosogeza kamera karibu na kulenga sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Na akina Barasch wenyewe walionyesha baadaye kwamba apigaye picha kwa nia ya kuwaonyesha wengine hupungukiwa na raha akilinganishwa na apigaye kwa ajili ya kumbukumbu zake. Yote haya yakiwekwa pamoja, hukumu yaangukia nia wala si chombo. Aliyesogea akautazama mfaa mmoja mpaka akaona yungiyungi lake amesoma, ijapokuwa kwa kamera. Aliyepiga milango arobaini ili watu wa kwao waione hakusoma hata mmoja. John Ruskin, aliyenunua picha za Venice mwaka 1845 na kuzisifu, alikuja kuwafundisha wafanya kazi wa London kuchora, na shabaha yake ilikuwa kuwafundisha kuona. Mkono uendao polepole huyalazimisha macho yasubiri.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: picha ni hati. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mabomu majumba ya kifalme, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit el Ajaib ukaharibiwa. Kama picha za kabla ya siku ile zisingekuwapo, sura ya pwani ile ingebaki katika maneno tu. Hapana wa kukana faida hiyo. Lakini hati huwa hati kwa tarehe yake, mahali pake na jina lake, na hapa ndipo wingi wa picha unapodanganya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka, na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi humo wakapoteza maisha yao. Hapana jumba katika Unguja lililotazamwa na kamera nyingi kuliko lile. Likapigwa picha mchana na jioni, kutoka baharini na kutoka bustanini, mwaka baada ya mwaka, na sura yake ya mbele ikajulikana dunia nzima. Mapenzi hayo ya kamera hayakuongeza hata pishi moja ya chokaa katika kuta zake. Yaelekea hata yalidhuru, kwa kuwa kitu kinachoonekana kila siku katika hali ya fahari hudhaniwa kuwa ki salama. Mji uliopigwa picha mno waweza kuwa mji uliotazamwa kidogo.

Kipimo kingine cha kutazamwa kidogo ni Ng'ambo. Upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokwisha kufukiwa ndiko watu wengi wa mji waishiko tangu zamani, na huko, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ndiko yalikojengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Historia ya Unguja haisomeki bila ya Ng'ambo. Hata hivyo mgeni mwenye orodha yake aghalabu hukoma Darajani, kwa sababu kadi za posta nazo zilikoma huko. Hivyo picha huonyesha nusu ya mji na kuifanya nusu ile ionekane kuwa mji mzima.

Haifai kutoa katika haya hukumu kwamba picha na mji wa Waswahili ni maadui. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi watu wa Unguja waliingia humo kwa miguu yao wenyewe, wamevaa nguo walizozichagua, wakakaa walivyotaka kukaa. Picha hizo zilitiwa katika fremu, zikatumwa kwa jamaa wa mbali, zikarithiwa. Mwenye sura alikuwa mwenye picha, na jina lake lilijulikana kwa kila aliyeitazama. Tofauti ya picha ile na ya mpita njia si ya ufundi, maana pengine kamera ya mpita njia ni bora mara mia. Tofauti ni kwamba katika moja hodi ilipigwa, katika nyingine haikupigwa.

Watu wa lugha wanalo fungu lao katika jambo hili. Picha za zamani zimo katika nyaraka za Unguja na katika maktaba za Ulaya na Marekani, na nyingi zina maelezo ya lugha za kigeni yasiyotaja jina la mtu wala mtaa. Wazee wanaoweza kuuitambulisha mtaa kwa baraza yake, na mafundi wanaojua jina la kila kipande cha mlango, wanapungua kila mwaka, wakati picha za milango ile ile zinaongezeka kila saa. Yapasa picha hizo ziwekwe mbele yao, na maneno yao yaandikwe kwa Kiswahili chini ya kila moja: mtaa gani, nyumba ya nani, kipande hiki chaitwaje, fundi alikuwa wa wapi. Kazi hiyo ikifanywa, picha zilizokwisha kupigwa zitatosha kwa miaka mingi, na mgeni atakayefika Forodhani atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuinua mkono wake.